Mali Bila Daftari

Wanangu mnaoingia kazi za stoo, manunuzi na usafirishaji, nisikilizeni. Huko mwendako mtakuta hesabu za mzigo zinaingizwa kwenye mfumo wa ugavi wa mtandaoni. Msidhani kampuni imefuata mtindo. Imekimbia hasara.

Hasara hiyo ieleweni kwa mfano wa nepi. Watoto wachanga hutumia nepi kwa kiasi karibu kilekile wiki hadi wiki. Hata hivyo, kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani iliona oda za nepi zake za Pampers kutoka kwa wauzaji wa jumla zinapanda na kushuka, na maagizo yake yenyewe ya malighafi yanayumba zaidi. Kila mmoja alikuwa akikisia: mwenye duka anaogopa kuishiwa, anaongeza kidogo, wa jumla anaongeza juu yake, kiwanda nacho kinaongeza. Mwishowe bohari moja inafurika, nyingine ni tupu, na fedha imelala. Dawa ni wote kuona hesabu moja. Kampuni ya maduka ya Walmart ilipoanzisha mfumo wa Retail Link mwaka 1991, wenye viwanda waliweza kuona kilichouzwa madukani, wakaacha kubahatisha.

Lakini mfumo huyajua yale tu mliyouambia. Mwaka 1999 Hershey, watengenezaji wa chokoleti, walibadili mifumo yao kwa pupa msimu wa mauzo ya sikukuu ya Halloween ukikaribia. Bidhaa zilikuwepo, ila nyingine zilihifadhiwa mahali ambapo hapakuingizwa kwenye mfumo. Oda za takriban dola milioni 100 hazikutimizwa.

Kwa hiyo, mzigo ukifika uhesabuni wenyewe, msiridhike na kilichoandikwa kwenye karatasi ya dereva. Kilichovunjika kiandikeni siku hiyohiyo, hata bosi akikunja uso. Ukihamishia katoni chumba cha pembeni, ingiza taarifa kabla hujafunga mlango. Nywila yako usimwazime mtu, maana kitakachopotea kitasomeka kwa jina lako. Na msambazaji mdogo asiyejua kuutumia mfumo, mfundisheni kwa heshima. Taarifa zake zikikosekana, nanyi mnarudi kukisia.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nawaambia daftari la uongo ni baya zaidi, kwa kuwa mali hupotea huku kila mtu akiamini ipo. Kampuni itanunua mfumo, lakini ukweli wa hesabu mtauleta ninyi. Msiuuze kwa mtu yeyote.