Shimo Tuliloliacha Wazi

Mama wa kijana yule alituuliza neno moja tu: "Mlijua?" Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama mlangoni pa karakana, mkoba ungali begani, akasubiri jibu. Hakuna aliyelitoa.

Sisi ni mafundi sita wa usharika mmoja, na karakana yetu ni stoo ya zamani iliyo nyuma ya kanisa. Washarika hutuletea vyombo vya umeme vilivyokufa, tunavifungua, tunatoa kilicho kizima, na mapato husaidia ada za wanafunzi wachache. Jumamosi ile tulikuwa na maikrowevu. Tuliiwasha tuone kama inapasha, ikavuma tu. Tukachomoa plagi, tukafungua bodi, na mara kengele ya mazoezi ya kwaya ikalia. Tukaiacha mezani wazi. Mwanagenzi wetu wa miaka 16 alibaki kufagia, akaona atusaidie kwa kuitoa kapasita.

Shoti ilimwangusha chini. Kidole kiliungua, mkono ukamuuma siku tatu, na hospitalini walimlaza usiku mmoja ili wauangalie moyo wake. Leo ni mzima.

Wengi hudhani chombo kilichochomolewa kimekufa. Maikrowevu si hivyo. Transfoma yake huchukua umeme wa nyumbani wa volti 230 na kuupandisha hadi kama 2,000, na kapasita huweza kuushika umeme huo hata baada ya plagi kutolewa. Watengenezaji wengi huweka ndani ya kapasita rizista ndogo ya kuumaliza polepole. Ikiwa nzima, dakika moja hivi hutosha. Lakini rizista hiyo imefungiwa ndani ya kopo, na ikikatika, kopo halibadiliki rangi wala sura. Yote haya tulikuwa tunayajua. Kifaa cha kumalizia umeme kilikuwa kinaning'inia ukutani, hatua mbili kutoka mezani.

Jumapili tulitoa sadaka ya shukrani. Mmoja wetu aliomba akisema kwamba Mungu ameruhusu jambo hili ili atufundishe, nasi tukaitikia amina. Mama yule alikuwa kwenye benchi la nyuma, hakuitikia. Baadaye amina ile ilitutia aibu. Kumshukuru Mungu kwa uhai wa kijana ni haki yake Mungu. Lakini sisi tulikuwa tumemkabidhi pia kazi ya kujibu swali tuliloulizwa sisi.

Tukafungua Kutoka, sura ya 21, ambayo kwa kweli hatukuwahi kuihubiri wala kuhubiriwa. Humo kuna ng'ombe anayepiga watu pembe. Akiua mtu kwa mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini kama ng'ombe ana mazoea hayo, na mwenyewe ameonywa, asimfunge, basi hatia ni yake. Aya chache mbele yupo mtu anayechimba shimo na kuliacha bila kufunika, mnyama wa mwenzake akatumbukia. Sheria haimuulizi kama alikusudia, wala haimlaumu mnyama kwa kutotazama njia. Mchimbaji analipa. Mmoja wetu alikuwa amesema kijana angeuliza kwanza kabla ya kugusa. Baada ya kusoma hakulirudia neno hilo.

Kwa hiyo tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwambia: "Tulijua." Alitutazama kwa muda, kisha akaenda kuchemsha chai. Hatujui kama ametusamehe. Bili ya hospitali tuliilipa sisi.

Siku hizi kila kapasita humalizwa umeme na kupimwa kwa mita kabla mkono haujaigusa, hata iliyokaa stoo mwaka mzima. Transfoma iliyong'olewa kibati chake haiitwi jina kwa sura. Tunapima kila koili, tunaandika, tunafunga karatasi yenye tarehe na jina la aliyepima. Mmoja wetu alinung'unika kwamba hofu hii yote ni upungufu wa imani. Tukamkumbusha ni nani aliyemshauri Bwana ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wapo. Tomaso naye husemwa vibaya sana mimbarani. Karakanani kwetu tungemwajiri.

Jambo lililotugawa lilikuja baadaye. Alikuja mtengeneza fremu za picha akitaka transfoma ya maikrowevu kama ilivyo, kwa bei mara mbili ya tuliyozoea. Alikuwa ameona jinsi umeme huo unavyopitishwa juu ya ubao na kuuchoma michoro mizuri kama matawi ya mti. Marekani watu wamekufa kwa kazi hiyo hiyo, wakitumia transfoma hizi hizi, na chama cha wakereza mbao cha huko kimeipiga marufuku katika shughuli zake. Mkono ukiingia njiani, hata swichi ya usalama ya nyumba haitambui. Tukamwambia tunaziuza baada tu ya kukata koili ya umeme mkubwa na kuzungusha waya mnene mara mbili tatu, zitoe volti chache za kuunganishia bati. Akasema hataki bati. Akasema pia kwamba yeye ni mtu mzima, ana watoto wa kulisha, na si mwana wetu.

Nusu yetu wanaona alisema kweli. Kumwonya mtu ni wajibu. Kumfungia riziki yake ni kujifanya baba wa kila mtu. Nusu nyingine wanajibu kwamba ng'ombe huyu tunamjua pembe zake, na kumuuza pamoja na onyo hakumwondolei pembe. Pesa zile zingelipa ada ya mwanafunzi mmoja kwa muhula mzima, na hilo pia lilisemwa mezani, na aliyelisema hakuwa na tamaa.

Hatukumuuzia. Wiki iliyofuata wawili wetu walikwenda dukani kwake wakamweleza tena, taratibu, yaliyompata mwanagenzi wetu. Aliwasikiliza mpaka mwisho, huku akipiga msasa fremu. Kisha akauliza kama tuna spika nzima.