Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 13: Muwaqqit wa Damascus



Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu zetu, eti Waislamu ndio wa kwanza kusema dunia inalizunguka jua, na Copernicus wa Poland akatuibia. Kweli imo humo, na chumvi imo.

Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwaqqit mkuu wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus. Yaani yeye ndiye aliyekokotoa nyakati za swala. Zama zile wataalamu walitegemea hesabu za Ptolemy wa Aleksandria. Zilitaja vizuri mwezi uko upande gani wa mbingu, ila ukizifuata, kuna nyakati mwezi unatukaribia hadi karibu nusu ya umbali, kwa hiyo ungeonekana karibu mara mbili ya ukubwa wake. Sasa nani amewahi kuuona mwezi wa hivyo? Wewe unayepanda juu ya paa kila mwandamo, umeuona? Ibn al-Shatir naye hakuuona, basi akaunda hesabu mpya inayokubaliana na jicho.

Mwaka 1543 kikatoka kitabu cha Copernicus, jua limewekwa katikati. Hesabu yake ya mwezi ni ile ile ya muwaqqit wetu. Watafiti walilitambua hilo miaka ya 1950. Hapo tuna haki ya kujivunia, wallahi.

Lakini Ibn al-Shatir mwenyewe aliiacha dunia katikati. Na aliyetangulia kuliweka jua hapo ni Mgiriki, Aristarchus, karne ya 3 kabla ya Nabii Isa.

Na huo wizi? Copernicus anamtaja al-Battani, mnajimu wetu, kwa jina. Ibn al-Shatir hakumtaja, ni kweli. Ila kutotajwa peke yake si ushahidi, na kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni kumsingizia, hata kama si Muislamu, hata kama amekufa karibu miaka 500. Al-Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari. Haikusema habari zinazotusifu ziachwe zipite tu.

Aliyekwisha kuusambaza, arudi kwenye kundi lile lile kabla ya futari, aandike: "Ibn al-Shatir alisahihisha hesabu ya mwezi." Hiyo inatosha kumpa heshima yake.

Wabillahi tawfiq.