Deni la Mahali

Mtu aanzishaye kazi huchagua mahali kwa ajili ya faida yake, wala hilo si kosa. Lakini mahali pale nako kuna haki ya kuuliza: Nami nitapata nini?

Kiwanda cha saruji cha Bamburi, upande wa Kisauni, kilianzishwa mwaka 1951. Kilipachagua pale kwa kuwa ardhi yake ni mawe ya matumbawe ya kale, yafaayo kwa saruji. Mawe yakachimbwa, majumba yakasimama mijini, na Bamburi pakabaki mashimo makavu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Mvinje ulistahimili, jongoo wakaletwa, wakala majani yake makavu, wakayageuza udongo. Pakawa msitu wenye twiga na viboko.

Je, ile ilikuwa hisani? Hapana, yalikuwa malipo. Atasema mtu kwamba kiwanda kililipa mishahara na kodi. Kweli, lakini mshahara ni bei ya jasho, na kodi ni haki ya serikali; shimo halifukiwi na hivyo viwili. Arudishaye alichochukua hulipa deni. Hisani huanza deni likiisha.

Ewe kijana, kesho huenda ukafungua karakana Changamwe, au kampuni ya programu za kompyuta Likoni. Usijisifu kwa zawadi kabla ya kulipa deni. Mgeni mwema hujulikana kwa hali ya nyumba aliyoiacha.