Mimbari na Matumbawe

Baruti ikilipuka majini, mshindo wake humpasua samaki kibofu cha hewa kinachomwezesha kuelea. Wachache huibuka, wengine huzama, na mvuvi huokota anaowaona. Chini, matumbawe yaliyokua kwa miongo kadhaa hugeuka vifusi. Mabuu ya matumbawe yanayoelea baharini hutafuta mwamba uliotulia ili yashike, na vifusi vinavyosukumwa huku na huko na maji haviyapi nafasi hiyo.

Hayo yote sayansi inaweza kuyaonyesha. Haiwezi kumwonyesha baba ambaye watoto wake hawajala tangu jana kwa nini yeye aache baruti. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliligusa jambo hili mwaka 1740: kutokana na jinsi mambo yalivyo, huwezi kuruka moja kwa moja hadi jinsi yanavyopasa kuwa. Lazima pawe na daraja, na daraja hilo halijengwi kwa vipimo.

Kisiwani Misali, magharibi ya Pemba, daraja lilijengwa msikitini. Misali ni kisiwa kidogo ambako wavuvi huenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, na mwaka 1998 kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Makatazo ya serikali hayakutosha kuwafanya wavuvi wote waache zana haribifu. Ndipo wahifadhi, pamoja na Fazlun Khalid, mwanzilishi wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao Uingereza, wakakaa na masheikh na wavuvi kuzungumzia amana, ukhalifa wa binadamu duniani na ubaya wa israfu. Aya ya 41 ya Surat Rum, inayotaja ufisadi wa bara na baharini kuwa matokeo ya mikono ya watu, haikuhitaji maelezo marefu kwa mtu aliyezaliwa pwani. Habari zikaenea duniani kwamba hotuba imefanikiwa pale sheria iliposhindwa.

Inapendeza. Lakini je, ni kweli?

Swali hilo si utovu wa imani. Anayesema kwamba tumpende Muumba na viumbe vyake hahitaji kuhesabu samaki. Anayesema kwamba mawaidha yameokoa mwamba ametoka mimbarini na kuingia uwanja wa uchunguzi, na huko sharti akubali kuulizwa: mwamba ulikuwaje kabla? Uko wapi mwamba mwingine, usiopata mawaidha, wa kulinganisha nao? Na Misali ina kikwazo cha ziada. Mwaka uleule wa 1998 joto la bahari lilipanda magharibi mwa Bahari ya Hindi. Matumbawe yakatema mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka, na mengi yakafa. Mpiga mbizi aliyeshuka baada ya hapo alikuta mwamba uliopigwa na joto, baruti na nyavu kwa pamoja. Kipi kibebe lawama, kipi kipewe sifa?

Mwaka 2015 watafiti waliambaa na pwani ya Tanzania wakikokota vinasa sauti chini ya maji. Walinasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu yake ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Jiji hilo halina uhaba wa misikiti wala makanisa. Kwa hiyo kuwa na dini peke yake hakuzimi utambi. Labda mawaidha yalifaa Misali kwa kuwa sheikh na mvuvi walifahamiana, au kwa kuwa askari wa hifadhi walikuwa karibu, au yote mawili. Hayo yanapimika, na yangepaswa kupimwa.

Mwanasayansi naye asijione mshindi. Akiandika mwishoni mwa ripoti yake kwamba uvuvi wa baruti "lazima ukome", ameshakopa neno ambalo vinasa sauti vyake havikulinasa. Basi atakayeandaa mradi mwingine wa hifadhi pwani amwalike sheikh au padri tangu siku ya kwanza, na kabla hotuba haijatolewa, ahesabu samaki.