Uadilifu wa Moto

Katika bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania, mwokaji asiye na tanuri huteleka sufuria ya mkate wa kumimina juu ya makaa machache, akaifunika kwa bati, kisha akapalia makaa mengi zaidi juu yake. Na lau angeligawa makaa sawasawa, chini kungeliungua ilhali uso ungali mbichi. Je, kugawa sawasawa ndiko kutenda haki?

Wanazuoni wa Kiislamu wa zamani walieleza dhuluma kuwa ni kuweka kitu mahali pasipo pake, naye Aristotle alifundisha kuwa usawa wa kweli hufuata kadiri ya stahili. Maumbile yanawashuhudia: ndani ya tanuri hewa ya moto hupanda, bati jeusi hufyonza joto na kubabua kitako upesi, na aluminiamu ing'aayo hulirudisha; kwa hiyo mwenye busara huweka mkate kwenye kichanja cha kati, akaacha nafasi pande zote hewa ipite, na kila chombo akakikadiria kwa tabia yake.

Yamkini mtu akahofia kuwa kauli hii ni mlango wa upendeleo. La hasha: tofauti ya mgawo ni halali pale tu inapowafikisha wote kwenye ukamilifu ule ule. Anayezidishiwa na azidishiwe kwa uhitaji wake, si kwa cheo chake. Na huo ndio uadilifu aliotuamrisha Mwenyezi Mungu.