Kizuri Chajiuza: Je, Mwalimu Aonyeshe Kazi ya Mikono Yake?

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni mithali ya kweli, nasi twaitumia kila siku sokoni. Lakini mara nyingine twaisikia ikitumiwa kumhukumu mwalimu wa chuo achongaye sanamu, kisha akaziweka mbele ya watu zitazamwe. Watu husema, "Yule ni mwalimu, na mshahara wake ni wa kufundisha. Kwa nini asifundishe akanyamaza? Kuzitembeza sanamu zake mjini, si majivuno hayo?" Swali hili si la watu wa vyuo peke yao. Laingia hata katika nyumba zetu hapa Nshambya, maana watoto wenye mikono yenye akili hawakosekani katika koo zetu, na hukumu tuitoayo juu ya mwalimu ndiyo mtoto atakayoisikia na kuishika. Kwa hiyo yafaa tulifikiri kwa utaratibu.

Tutangulize habari za mtu mmoja, ili tusibishane hewani. Ng'ambo ya Ziwa, katika mji wa Kampala, kando ya barabara, imesimama sanamu kubwa ya saruji. Ni mfano wa mama aliyezungushiwa vitambaa mwilini kama mtu aliyekuwa amefungwa, naye amemwinua mtoto juu kwa mikono yake, na mtoto naye ameinua mikono. Sanamu hiyo ni ya mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru. Aliyeifanya ni Gregory Maloba, aliyezaliwa Kenya mwaka 1922. Mwaka huo huo Makerere ilianza, nayo ilianza kama shule ya ufundi, yaani useremala, ujenzi na kazi za mitambo. Mwaka 1937 Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko, na Maloba akawa miongoni mwa wachongaji wa kwanza waliotoka mikononi mwake. Baadaye akawa mwalimu mahali pale pale alipokuwa mwanafunzi. Alikwenda kusoma zaidi Uingereza, akarudi, akafundisha Makerere miaka mingi, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifariki mwaka 2007.

Katika shule ile kuonyesha kazi hakukuwa jambo la kando. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi zilivushwa bahari, zikawekwa London katika jumba la Imperial Institute, zikatazamwa na watu wasiowajua vijana wale wala wazazi wao. Walimu nao walifanya vivyo hivyo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame katika Kilimanjaro, aliyekuwa mwalimu Makerere, alionyesha picha zake huko huko London, na mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua moja ya picha hizo. Ni picha ya watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Mhaya yeyote angeifahamu bila mkalimani. Basi, watu hawa walitafuta nini? Walitafuta sifa, au walitafuta jambo jingine?

Kabla ya kujibu, tuondoe kwanza kikwazo kimoja, maana wako Wakristo wasemao kwamba kuchonga sanamu kwenyewe ni dhambi, kwa sababu ya amri ya pili. Jina la mahali petu latukumbusha mti wa omushambya. Mti huo twaukata tukafanya nguzo za nyumba na mipini ya majembe, na matawi yaliyosalia twayatia jikoni. Nabii Isaya, katika sura ya 44, alimcheka mtu achukuaye mti mmoja, nusu akauteketeza apate kuota moto na kuoka mkate, na nusu akaufanya mungu akausujudia. Kosa la mtu yule halikuwa katika kisu chake, bali katika magoti yake. Tena katika kitabu cha Kutoka, sura ya 35, twasoma habari za Bezaleli, aliyejazwa hekima ya kuchonga mawe na miti. Wengi hupita haraka pale wasione kwamba yeye na Oholiabu mwenzake walipewa jambo la pili pamoja na ufundi, nalo ni moyo wa kufundisha wengine. Kutenda na kufundisha viliwekwa katika mtu mmoja tangu zamani. Na kazi ya Bezaleli haikufichwa yote. Madhabahu ya shaba ilisimama uani, mahali ambapo watu walifika na sadaka zao wakaiona.

Sasa twarudi kwenye majivuno. Wenye kuitumia mithali ile husahau jambo moja: kizuri hujiuza kikiwa sokoni. Mkungu mzuri wa ndizi uliofungiwa ndani ya nyumba haujiuzi, huoza. Mhunzi aliyefua jembe hulileta mbele ya mnunuzi, na mnunuzi hulipiga kwa kidole asikie mlio wake, hulitazama makali, hulirudisha akichukia. Hakuna amwambiaye mhunzi kwamba amejivuna. Kinyume chake, mhunzi aliyekataa jembe lake lisipigwe kidole ndiye tungemdhania vibaya. Basi maonyesho ya sanamu ni kidole hicho. Mwalimu aliyeweka kazi yake mbele ya watu amejitia hukumuni. Wengine watasifu, wengine watapita bila kugeuza shingo, na mwingine atasema wazi kwamba mkono ule umekuwa mrefu kuliko mguu. Mwenye majivuno ya kweli haitafuti hukumu ya namna hiyo, huikimbia. Hukaa nyumbani akasema kwamba angependa angeweza.

Labda mtu atauliza, "Lakini babu zetu walifanya vitu vizuri bila maonyesho. Mbona walitosheka?" Ni kweli kwamba walifanya vitu vizuri. Kwa jirani zetu wa Karagwe, katika hazina ya Mkama Rumanyika, mlikuwa na wanyama wadogo waliofuliwa kwa chuma, shaba na shaba nyeupe. Stanley aliviona mwaka 1876, akaandika habari zake. Twajivunia wahunzi wale, nasi twafanya haki. Lakini tuulize: nani aliruhusiwa kuviona vitu vile? Mkama, watu wake wa karibu, na wageni aliowapenda. Mtoto wa mkulima, mwenye mikono ya kufanya kama vile, huenda aliishi akafa asione hata pembe ya ng'ombe mmoja wa chuma. Hatusemi hivi ili kuwalaumu wazee, maana kila zama zina desturi yake. Twasema ili ionekane kwamba maonyesho yana haki ndani yake. Kitu kilichokuwa cha macho ya wakubwa kimetolewa nje, hata asiye na cheo apate kukitazama, na kwa kukitazama ajue kwamba jambo hilo lawezekana kwa mikono ya mtu.

Tena kuna mambo ambayo yasipoonyeshwa hupotea, na kupotea kwake ni hasara ya wote. Francis Nnaggenda, mchongaji wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1936, alisoma Ujerumani, akafundisha Nairobi, kisha Makerere tangu mwaka 1978. Katika miaka ya 1980 alichonga kwa mti mfano wa mhanga wa vita, mtu aliyepungukiwa viungo vya mwili, na hata hivyo amesimama. Sanamu hiyo iliwekwa katika maktaba kuu ya Makerere, mahali ambapo wanafunzi hupita kwenda kusoma. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa sana maana yake. Mwaka ule ule wa 1978, mwezi wa Oktoba, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaingia kwetu, na mwezi wa Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Ng'ambo na huku, watu walizika. Je, mchongaji aliyeusimamisha mwili ule uliojeruhiwa mbele ya vijana alijitukuza? Aliwaonyesha jeraha, wasije wakasahau. Kama angaliuweka chumbani mwake kwa ajili ya unyenyekevu, unyenyekevu huo ungalikuwa wa bure.

Hata hivyo haifai tuwe wepesi mno wa kusifu, maana lawama ile ina punje ya kweli. Wako walimu ambao, wakiisha kuonja sifa, darasa huwa mzigo kwao. Mwanafunzi huja na udongo wake mkononi, mwalimu yuko safarini. Mwingine huwafanya vijana kuwa mikono yake, wachonge yeye aandike jina. Mwingine huficha siri ya patasi ili abaki fundi peke yake. Watu hao hawakukosea kwa kuonyesha, bali kwa kuiba. Wameiba saa za mtoto, jasho lake, au urithi wake. Mwivi wa namna hiyo aweza kuwa ni mtu ambaye hajaonyesha kitu hata siku moja, maana uvivu nao hula saa za darasa.

Basi tupimeje? Sisi twaona vipimo viwili. Cha kwanza, je, mwalimu hujiweka chini ya hukumu ile ile anayowawekea wanafunzi? Mwalimu husahihisha kazi ya mtoto kwa wino mwekundu mwaka mzima. Ni haki walau mara moja mtoto aone kazi ya mwalimu wake ikisimama mbele ya macho ya watu, na mwalimu akinyamaza kusikiliza. Somo hilo haliandikwi ubaoni. Cha pili, kitu kilichoonyeshwa chamwelekeza mtazamaji wapi? Watu wengi hupita mbele ya yule mama wa Kampala, wakamwona mtoto aliyeinuliwa, wakaikumbuka siku ya uhuru, wasimjue Maloba hata kwa jina. Mwenye kutafuta sifa angeona hiyo ni hasara. Sisi twaona kwamba hapo kazi imefika mahali pake, maana imekuwa ya watu.

Wala asidhani mtu kwamba mwenye kufundisha mbali na mji amekosa fungu lake. Bibi Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928, alisoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mwalimu wa shule kwa miaka mingi, bila kujulikana. Katika uzee wake alichukua karatasi za kufungia sabuni na unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika vikawa picha za watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika Studio Museum ya Harlem. Alifariki mwaka 2021. Miaka ile ya ualimu haikuwa ya kupoteza, na karatasi za dukani hazikuwa takataka mbele ya macho yake.

Kwa hiyo twawageukia wazazi na walimu wa vijiji vyetu. Mtoto akikutwa kando ya kijito amefinyanga ng'ombe wa udongo, mara nyingi hupigwa kwa kuchelewesha maji. Na achapukie maji, ni wajibu wake; lakini ng'ombe yule asikanyagwe. Abebwe awekwe dirishani, wageni wamwone, nao wamwambie mtoto kweli: hapa umeweza, hapa miguu haikubali. Na shule zetu, siku ya wazazi, zitenge meza moja kwa kazi za mikono, vikapu, vinyago, vyungu na mikeka, kila kimoja na jina la aliyekifanya. Mwalimu naye alete kitu chake akiweke katikati ya vya watoto, hata kama ni kijiko cha mti tu. Kikiwa kizuri, watoto watakitamani na kukifuata. Kikiwa kibaya, watamwona mtu mzima akisahihishwa bila hasira, na hilo nalo watalihitaji katika maisha yao.