Mabinti wa Selofehadi na Shauri la Kampala

Somo: Hesabu 27:1–11

Juma hili tunawasoma mabinti watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao, Selofehadi, alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya siku zile urithi ulikuwa unawapita. Walisimama penye mlango wa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari kuhani na wakuu wote, wakatoa hoja iliyopangwa vizuri: baba yao hakuwamo katika uasi wa Kora, basi hakuna sababu ya jina lake kupotea katika ukoo.

Mimi hapa namtazama zaidi Musa. Hakuwa na kanuni ya kuwajibu, lakini hakuwafukuza. Shauri lao alilipeleka kwa Bwana, nao wakapewa haki.

Msharika mwenzetu, mtafiti wa sheria za kimataifa za afya ya uzazi, aliniuliza kama kazi yake nayo ni huduma. Hahubiri wala hahudumii wagonjwa; anashinda akisoma hukumu na mikataba. Najua haki za uzazi zikitajwa kanisani baadhi yetu tunaanza kukohoa, na yapo mambo humo ambayo mimi na dada huyu hatukubaliani hata kidogo. Ila shauri alilonisimulia sikuona Mkristo wa kulipinga.

Mwaka 2009, huko Mityana nchini Uganda, Sylvia Nalubowa alikuwa na mimba ya mapacha. Wa kwanza alizaliwa katika kituo cha afya. Mama akakimbizwa hospitali kwa ajili ya wa pili. Alikufa kwa kutokwa damu, mtoto angali tumboni. Mwaka uliofuata, huko Arua, Jennifer Anguko, aliyekuwa diwani, alikaa hospitalini saa nyingi bila kuhudumiwa mpaka mji wa mimba ukapasuka, akafa. Udiwani wake haukumsaidia kitu.

Mwaka 2011 shirika la kutetea haki ya afya, CEHURD, lilifungua shauri kuhusu vifo hivyo katika Mahakama ya Katiba, Kampala. Pamoja nalo walikuwamo Profesa Ben Twinomugisha, mtafiti wa sheria za afya, Rhoda Kukiriza, mama mkwe wa Sylvia, na Inziku Valente, mgane wa Jennifer.

Ugumu ulikuwa huu: katiba ya Uganda haitaji waziwazi haki ya afya miongoni mwa haki za msingi. Ikabidi haki hiyo ijengwe kutoka haki ya kuishi, haki ya utu, haki za wanawake, na mikataba ambayo nchi ilikwisha kuiridhia, ikiwamo Itifaki ya Maputo ya 2003. Kujenga namna hiyo, kifungu juu ya kifungu, ndiyo kazi ya watu kama dada yetu.

Mwaka 2012 majaji walisema hilo ni la wanasiasa, wakalitupilia mbali. Neno hilo Musa hakulitumia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikawarudishia: lisikilizeni. Tarehe 19 Agosti 2020 familia zikashinda. Serikali iliamriwa kutenga fedha za kutosha kwa ajili ya wajawazito, na wizara ya afya ikapewa miaka miwili ya bajeti kufundisha watumishi na kuvipa vituo vifaa.

Ukiishia sura ya 27 utashangilia tu. Sura ya 36 wazee wa ukoo wanarudi na hofu zao za ardhi, na mabinti wanaamriwa kuolewa ndani ya kabila lao. Dada yetu anaijua sura hiyo: hukumu ikishatolewa, kazi haijaisha. Nilipomuuliza sasa anasoma nini, alinijibu kwamba amehama kwenye hukumu, anapitia vitabu vya bajeti ya afya, kasma kwa kasma, akitafuta fedha za damu salama na mishahara ya wakunga.